Namna ya kubadilisha oveni ya umeme iliyojengewa kabatini

Oveni za kabatini huharibika sana mwisho wa Ramadhani, maana ndio wakati zinapofanya kazi kuliko mwaka mzima: vileja, biskuti, keki, trei baada ya trei mpaka usiku. Na hapo ndipo watu wanapobadilisha kwa haraka, na haraka ndiyo inayoleta maafa. Oveni yenyewe ni sanduku la bati lililoshikwa na skrubu mbili au nne. Kulitoa na kutia jengine hakumshindi mtu mwenye bisibisi na msaidizi mwenye nguvu. Kinachoua kiko nyuma yake: waya, ethi (waya wa kupeleka ardhini umeme uliovuja) na breka. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu vitu ambavyo hutaviona tena oveni ikisharudi mahali pake.

Mipaka iwe wazi tangu mwanzo. Mwenye nyumba anaweza kupima, kununua, kuzima, kutoa oveni ya zamani na kuingiza mpya, na kuunga waya wake kwenye kituo cha kuungia kilichopo tayari ikiwa anajua anachokifanya. Kuvuta laini mpya, kubadilisha breka, kuweka ethi au kufungua sanduku la breka ni kazi ya fundi umeme aliyesomea. Mita yenye sili ya Shirika la Umeme la Zanzibar haiguswi na yeyote asiyekuwa mtu wao.

Hakikisha kwanza imekufa kweli

Kasoro inayowababaisha wengi ni hii: umeme umekatika, umerudi, saa ya oveni inamweka, na oveni haipati moto. Oveni nyingi za kisasa hazikubali kufanya kazi mpaka saa irekebishwe. Shikilia kitufe cha saa, weka saa yoyote, thibitisha, kisha jaribu tena.

Taa ikiwaka na feni ikazunguka lakini moto hakuna, mara nyingi ni koili (chuma cha ndani kinachotoa moto) iliyokatika, na koili peke yake inauzwa. Zima umeme kama ilivyoelezwa chini, chomoa waya mmoja wa koili, pima kwa multimita. Koili ya wati 2,000 inatakiwa isome karibu na omu 26, ya wati 3,000 karibu na omu 18. Mita isiposoma kitu, koili imekatika. Ikiwa inapata moto lakini keki inaiva upande mmoja tu, tizama mpira wa mlango kabla ya kulaumu kitu chengine.

Keki zikichelewa kuiva nyakati za jioni tu, pima volti kwenye soketi wakati huo huo. Nguvu ya koili hushuka kuliko volti zinavyoshuka: kwa volti 200 badala ya 230, oveni ya wati 3,000 inatoa kama wati 2,270. Huko mwisho wa laini, mashamba, hili ni jambo la kawaida, na oveni mpya haitaliondoa.

Sababu za kweli za kubadilisha ni bati la chini lililoliwa na kutu mpaka likatoboka, kioo cha ndani kilichopasuka, ubao wa elektroniki uliochomeka, au koili ambazo hazipatikani tena.

Tepu mkononi kabla ya kwenda dukani

Oveni nyingi zinazouzwa hapa zina uso wa milimita 595 kwa 595 na zinaingia kwenye nafasi ya upana wa milimita 560, urefu wa 590 hadi 600, na kina kisichopungua 550. Usipime uso wa oveni ya zamani ukadhani umemaliza. Pima tundu la kabati lenyewe: upana juu, kati na chini, kisha kona kwa kona. Vipimo viwili vya kona kwa kona vikipishana zaidi ya milimita tano, kabati limekaa upande na oveni itakataa kuingia au mlango utagusa. Kwenye nyumba za Mji Mkongwe, ambako kuta ni za mawe na chokaa na hazikunyooka, hili si jambo la nadra. Kina kipime kutoka usoni pa kabati mpaka kitu cha kwanza kinachotokeza nyuma, iwe soketi, paipu au ukuta.

Kisha tafuta kibati cha maelezo. Kiko kwenye fremu, kinaonekana ukifungua mlango, na oveni mpya nayo inacho. Piga picha vibati vyote viwili. Unatafuta volti, hezi na wati.

Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Oveni iliyotengenezwa kwa soko la Ulaya au la Dubai itakubali. Oveni ya Marekani isinunuliwe hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa: inataka nyaya mbili za moto na nyutro (waya wa kurudishia umeme) katikati, sehemu nyengine zikitumia volti 120 na nyengine 240, na tundu lake la kabati ni la inchi 27 au 30. Oveni iliyoandikwa hezi 60 pekee, kama baadhi zinazotoka Saudia, itapata moto lakini feni itakwenda polepole kuliko ilivyokusudiwa na saa inaweza kuchelewa. Ikiwa imeandikwa 50/60, haina tatizo.

Kama ni oveni iliyotumika, ifungue dukani. Tizama kona za kioo cha mlango, fremu iliyopinda, bawaba, mpira wa mlango, na pale waya unapoingia nyuma. Oveni nyingi zilizotumika huletwa zimekatwa waya. Si kasoro, lakini kifuniko cha nyuma kiwepo na skrubu zake. Ikiwa inavuka kwenda Pemba, isafiri imesimama, mlango umefungwa kwa tepu, trei zimetolewa. Kioo cha oveni kinahimili joto na uzito usoni, lakini kikigongwa ukingoni kinasambaratika chote mara moja.

Waya uliopo unaweza kuibeba?

Gawa wati kwa 230, unapata ampea. Oveni ya wati 2,200 inakula karibu ampea 9.6. Ya wati 2,800 inakula 12.2. Ya 3,500 inakula 15.2. Plagi yetu ya miguu mitatu ina fyuzi ya ampea 13, yaani wati 2,990 kwa ukomo. Oveni yenye wati zaidi ya hapo haitiwi plagi hiyo hata kidogo. Na hata ile ya wati 2,800, ijapokuwa kwa hesabu inaingia, si ya kuaminiwa kwenye soketi yoyote tu. Oveni haifanyi kazi dakika tano kama birika. Inakaa saa mbili, tatu. Hewa yetu ya chumvi inaziotesha shaba za soketi ukungu wa kijani, pale panapogusana panapata moto, plastiki inalainika, mguso unalegea, moto unazidi. Ukichomoa plagi ya oveni ya zamani ukakuta imegeuka rangi ya kahawia kwenye mguu mmoja, soketi ile imekwisha. Badilisha soketi na plagi pamoja. Ukibadilisha kimoja, kile kibovu kitaharibu kipya.

Linalofaa ni oveni kuwa na laini yake peke yake kutoka kwenye sanduku la breka. Mpaka wati 3,600, waya wa milimita za mraba 2.5 na breka ya ampea 16. Kutoka hapo mpaka wati 5,000, waya wa 4 na breka ya 25. Ikiwa oveni inaendesha na pleti za juu za kupikia, waya wa 6 na breka ya 32. Kitabu cha oveni kikisema tofauti, kifuatwe kitabu. Breka iko pale kwa ajili ya kuulinda waya, na waya mwembamba nyuma ya breka kubwa utaungua ndani ya ukuta huku breka imetulia. Oveni ikikata breka ya 16, mtu akaweka ya 32 juu ya waya ule ule wa 2.5, hakutengeneza chochote. Ameondoa kinga tu.

Karibu na oveni pawe na swichi kubwa ya jiko, inayokata laivu (waya wa moto) na nyutro kwa pamoja, mahali mkono unapofika bila kupita juu ya pleti za moto. Kituo cha kuungia waya kiwe kwenye kabati la pembeni au chini, si nyuma kabisa ya oveni. Kikiwa nyuma, oveni haitarudi mpaka mwisho, na siku ya hatari huwezi kukifikia.

Ethi, na kwa nini breka ya kawaida haitoshi

Hapa tunaomba msomaji asiruke.

Ethi ya nyumba nyingi za kwetu ni chuma kimoja cha shaba kilichopigiliwa ardhini nje ya nyumba. Ardhi ya Unguja sehemu nyingi, na ya Pemba baadhi ya sehemu, ni jiwe la matumbawe lenye udongo kidogo juu. Wakati wa kiangazi ardhi hiyo inakauka, na umeme unapita ndani yake kwa shida. Tuchukue njia nzima ya ardhi, kutoka bati la oveni mpaka transfoma, ina ukinzani wa omu 23. Siku koili ikipasuka na laivu ikagusa bati, utapita umeme wa 230 kugawa 23, yaani ampea 10. Breka ya ampea 16 haioni kosa hapo. Kwake ampea 10 ni oveni inafanya kazi. Haitakata leo wala kesho. Bati lote la oveni linabaki na umeme, anayelishika amesimama pekupeku juu ya sakafu ya saruji iliyoloa, na TUKUZA (umeme wa kununua kabla ya kutumia) inakwisha kwa kasi isiyoelezeka. Ukiona yuniti zinapungua haraka huku oveni na vyombo vikubwa vimezimwa, usiishie kulalamikia mita. Ita fundi akapime uvujaji.

Kinachokata katika hali hiyo ni breka ya kuvuja umeme, ile yenye kitufe cha kujaribia kilichoandikwa T. Inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na tofauti ikifika miliampea 30 inakata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Nyumba isiyokuwa nayo isiwekewe oveni mpya mpaka ipatikane. Bonyeza kitufe cha T mara moja kwa mwezi. Kisipokata, breka hiyo ni pambo.

Lakini breka hiyo haiondoi haja ya ethi. Bila ethi, umeme uliovuja hauna pa kupita mpaka apatikane mtu wa kupitia, ndipo breka ikate. Vyote viwili vinatakiwa.

Na hapa watu wengi hukosea katika kupima: multimita ikisoma volti 230 kati ya laivu na ethi, haimaanishi ethi ni nzima. Multimita inavuta umeme mdogo mno, hata ethi iliyoshikiliwa na unywele wa shaba itasoma vizuri. Fundi anapima kwa mita maalumu ya ethi inayopitisha umeme wa kutosha. Muulize amepata omu ngapi, na umtake akuandikie.

Ukifungua kituo ukakuta nyaya mbili tu, nyekundu na nyeusi, ethi hakuna. Funga tena, simama hapo. Usiunge ethi ya oveni kwenye nyutro, wala kwenye paipu la maji, ambalo siku hizi aghlabu ni la plastiki mita mbili mbele.

Kuzima, na kuthibitisha umezima

Umeme ukikatika mtaani, hujazima. Yuniti zikiisha, hujazima. Vyote viwili vinaweza kurudi wakati mikono yako iko ndani; mtu akinunua umeme kwa simu ili kukusaidia, amekuua. Kuzima ni kushusha breka ya oveni, na kama hujui ipi, kushusha meni swichi. Bandika tepu juu yake, weka karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa, waambie walio nyumbani wote, na watoto. Nyumba yenye jenereta, betri za akiba au sola ina chanzo cha pili. Kizime nacho, maana vingine vinawaka vyenyewe.

Testa ya bisibisi yenye taa ndogo isitumiwe kuthibitisha kwamba umeme haupo. Taa yake inawaka kwa umeme unaopita mwilini mwako kwenda chini; umevaa kandambili, umesimama juu ya zulia, jua linaingia dirishani, haitaonekana kuwaka na waya uko moto. Tumia multimita, imewekwa kwenye volti za umeme wa mawimbi (AC), kiwango cha 600 au zaidi, na ufuate mpangilio huu bila kupunguza:

1. Pima soketi unayoijua ina umeme. Isome karibu na 230. Sasa unajua mita ni nzima. Soketi hiyo iwe ya laini nyengine, isiyokufa ukishusha breka ya oveni. Ukilazimika kuzima nyumba nzima, pima kwa jirani.
2. Fungua kituo cha oveni, pima laivu na nyutro, laivu na ethi, nyutro na ethi. Vyote visome sifuri.
3. Rudi kwenye soketi ile ya mwanzo, pima tena. Kama haisomi, mita ilikufa katikati, na sifuri ulizopata hazina maana.

Vipimo vitatu vya hatua ya pili vina sababu. Kuna nyumba ambazo swichi imewekwa kwenye nyutro badala ya laivu. Ukiizima oveni inakufa, laivu na nyutro vinasoma sifuri, na waya wa laivu bado uko moto. Kipimo cha laivu na ethi ndicho kitakachokuonya. Mita ikionesha volti 20 au 40 zinazoyumba, pengine ni umeme unaorukia kutoka waya mwengine ulio kando yake ndani ya paipu moja la nyaya, lakini fundi aone kabla hujagusa.

Kutoa oveni ya zamani

Iwe imepoa kabisa. Toa trei, waya za kuwekea, kila kilicho ndani. Kisha mlango, maana ndio uzito mkubwa wa mbele na ndio unaovunjika. Ufungue mpaka chini, tafuta vishikizo vidogo kwenye bawaba zote mbili, vigeuze vikae wima kuelekea kwako. Inua mlango mpaka nusu, uunyanyue, utatoka. Vishikizo visipogeuzwa vyote viwili, springi ya bawaba inafyatuka na inakata kidole. Mlango ulaze juu ya blanketi, kioo juu, si kuuegemeza kwenye marumaru.

Skrubu ziko pembeni mwa fremu, mbili au nne. Zikiwa zimeshikwa na kutu, zitie mafuta ya kulegeza, ngoja robo saa, tumia bisibisi inayojaa kichwani. Ukiiharibu kichwa, utatoboa kabati.

Weka meza imara yenye kimo sawa na chini ya oveni, au blanketi mbili sakafuni. Oveni ina kilo 30 mpaka 40. Watu wawili, kila mmoja anashika kwa ndani upande wake, na wala si kwa kipini wala kwa paneli ya vitufe. Vuta kama shibri mbili tu, simama, tizama waya. Waya mfupi ukivutwa unang'oka upande wa ukutani. Kama ni wa plagi, chomoa sasa. Kama umeungwa moja kwa moja, piga picha namna ulivyofungwa, pima tena kwa mita kwenye skrubu zenyewe, ndipo ulegeze. Ikiwa pleti za juu zinaongozwa na vitufe vya oveni, kutakuwa na soketi pana zenye nyaya nyingi kati yao. Ziandike kwa kalamu kabla ya kuzitoa, na ujue kwamba pleti hizo zinakubali oveni ya ukoo wao tu.

Pamba ya manjano au ya kijivu inayochungulia nyuma ni ya vioo au jiwe. Inawasha ngozi na si nzuri kifuani. Glavu, barakoa, na usiifagie kavu. Ipanguse kwa kitambaa kilicholoa.

Kabati likiwa tupu

Huu ndio wakati wa kuona ambayo hutaona tena kwa miaka. Gonga ubao wa chini kwa mpini wa bisibisi. Sauti ya uvungu au vumbi jembamba ni mchwa. Mbao za kugandamizwa zikishapata maji zinavimba na hazibebi kilo 40. Tia ubao mgumu wa milimita 18, ukae juu ya vigingi vya pande zote mbili, uwe sawa kwa pima maji. Oveni iliyoinama inamwaga keki upande mmoja.

Hewa ipite. Nyuma ya oveni pabaki nafasi ya milimita 20 au zaidi kadiri ya kitabu chake, ubao wa nyuma ya kabati ukatwe, na chini kuwe na mwanya hewa iingie. Oveni za sasa zina feni ya kupoza inayotoa hewa moto juu ya mlango na inaendelea hata baada ya kuzima, usiitie wasiwasi. Kabati likifungwa pande zote, elektroniki zinapikwa taratibu, na katika hali ya joto kama yetu hazidumu. Ukuta wa chokaa unaotoa unyevu na unga mweupe usiachwe ukigusana na bati la nyuma.

Kuunga

Kama oveni imekuja na waya wake, uache huo huo. Kama haina, nunua waya laini wa nyuzi nyingi unaohimili joto, wa 1.5 kwa oveni ya mpaka ampea 16, na 2.5 ikiwa kitabu kinataka. Waya mgumu wa ukutani hautumiki hapa. Ukikunjwa mara chache unavunjika ndani.

Rangi: kwenye waya mpya, kahawia ni laivu, buluu ni nyutro, kijani na manjano ni ethi. Ukutani, nyumba za zamani zinafuata mtindo wa zamani wa Uingereza: nyekundu laivu, nyeusi nyutro, kijani ethi. Kahawia inakwenda kwa nyekundu, buluu kwa nyeusi. Usiamini rangi peke yake, maana kuna waliovuta kwa rangi iliyokuwepo dukani siku hiyo. Fundi athibitishe kwa mita.

Menya milimita 8 mpaka 10 za ganda. Nyuzi zikunjwe pamoja na kuvishwa kofia ndogo ya shaba ya kubana. Usizitie risasi ya kuchomelea, kwa sababu risasi inalainika chini ya skrubu na kiungo kinalegea baada ya miezi. Waya wa ethi uwe mrefu kuliko wengine kwa sentimita mbili, ili waya ukivutwa kwa nguvu ethi iwe ya mwisho kuchomoka. Kaza skrubu, kisha vuta kila waya kwa mkono. Kibano cha waya kishike ganda la nje, si nyaya za ndani.

Kwenye kisanduku cha nyuma ya oveni unaweza kukuta vituo vitano au sita na vibati vya shaba vinavyounganisha baadhi yake. Ni kwa ajili ya kuchagua umeme wa fezi moja au tatu. Mchoro uko kwenye kifuniko au kitabuni. Tumia ule wa volti 230 fezi moja na uhakikishe kila kibati kiko kinapotakiwa. Kibati kikisahauliwa, nusu ya oveni haitapata moto. Kikiwekwa kati ya laivu na nyutro, breka itakata mara tu ukiwasha.

Kuiingiza na moto wa kwanza

Msaidizi mmoja avute waya uliozidi upande wa kabati la jirani wakati mwengine anasukuma, usibanwe nyuma wala kulala juu ya bati la oveni. Isukume kwa fremu, uiweke katikati ili mianya ya kulia na kushoto ilingane, tia skrubu, zikaze kwa mkono tu. Mashine ya kukazia inapasua mbao za kugandamizwa. Rudisha mlango, geuza vishikizo, fungua na kufunga mara kadhaa.

Toa karatasi zote, plastiki, vipande vya povu hata chini ya trei. Washa breka, rekebisha saa. Ikiwa taa na vitufe vinafanya kazi lakini moto hakuna kabisa, huenda oveni iko kwenye hali ya maonesho ya dukani. Kitabu kinaeleza namna ya kuitoa.

Iwashe tupu, nyuzi joto 250, dakika 45, madirisha wazi. Moshi mwembamba na harufu ni mafuta ya kiwandani yanaungua. Baada ya nusu saa gusa swichi ya ukutani kwa mgongo wa mkono. Vuguvugu ni sawa. Ikiwa moto, au inanuka plastiki, zima, kiungo kimoja hakikukaza.

Breka ya kuvuja ikikata siku ya kwanza

Si lazima duka limekuuzia kibovu. Ndani ya koili kuna unga mweupe wa oksidi ya magnesiamu unaotenganisha waya wa moto na ganda la chuma, na unga huo unanyonya unyevu. Oveni iliyokaa ghalani masika nzima huja na koili zenye unyevu zinazovuja kidogo, na breka inaziona. Fundi apime kwa mita ya kupimia ganda, volti 500, kati ya koili na bati. Chini ya megaomu moja, koili zikaushwe: zitolewe na kuwekwa mahali pa joto kavu, au zianikwe juani siku mbili tatu, kisha zipimwe tena. Zikiendelea kusoma chini, zirudishwe dukani.

Kuna watakaokwambia ukate ethi ya oveni ili breka isikate tena. Ni kweli haitakata. Mtu wa namna hiyo asiguse umeme wa nyumba yako tena.

Umeme ukikatika huku oveni inawaka, izime kwenye swichi yake ya ukutani na uirudishe dakika chache baada ya umeme kutulia, kwa kuwa umeme unaporudi ndipo volti zinaporuka na ubao wa elektroniki unapokufa. Usiitie oveni kwenye kile kifaa cha kulinda friji. Hakikutengenezwa kubeba ampea 15 kwa saa tatu. Kinga ya kufungwa ndani ya sanduku la breka ndiyo inayofaa. Baada ya mwezi mmoja wa matumizi, zima, thibitisha, fungua kituo, kaza skrubu tena. Shaba iliyopata moto na kupoa mara nyingi hulegea kidogo, na hapo ndipo unapoikuta kabla haijaungua.

Oveni ya zamani kata waya wake mpaka karibu na bati, utoe mlango, ndipo umpe wa chuma chakavu. Ikiachwa uani na mlango wake, watoto wataingiza vidole kwenye bawaba.